Ua Lililodekezwa Mara Mbili

Teppei Kuroiwa alimjua Fumino kwa kumkanyaga.

Ilikuwa Jumatatu ya Septemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, soko la maua la Ota limefurika. Nusu saa tu mnada uanze. Matoroli yanapishana, watu wanapiga kelele "Pisha! Pisha!", maji ya ndoo yanamwagika sakafuni, na Teppei anasukuma toroli la krisanthemamu huku jicho moja liko kwenye simu. Jicho la pili ndilo lililochelewa kumwona msichana aliyechuchumaa katikati ya njia.

"Mguu wangu, jamani!"

"Sasa wewe unachuchumaa barabarani kwa nini?"

"Hii ni barabara?"

"Kwa hapa, hii ndiyo barabara kuu."

Msichana akainuka. Mabuti ya mvua ya njano, suruali ya kazi iliyokunjwa mpaka magotini, nywele zimebanwa juu kwa penseli. Shingoni kajizungushia taulo jeupe lenye maandishi meusi manene, aina ile ya taulo ambayo wanamieleka huwagawia mashabiki wao. Hakuwa amevaa cha ajabu. Lakini Teppei aliweka simu mfukoni.

Msichana hakumtazama yeye. Alikuwa anatazama maua.

"Maua yako yamechoka," alisema.

"Hayajachoka. Yamekatwa jana jioni."

"Haya yalitakiwa yawe mekundu. Ona, yamekuwa rangi ya tofali kuukuu."

"Kila mwaka, joto likiwa kali, yanakuja hivi hivi," Teppei alijibu. "Shamba lile lile, mkulima yule yule, mche ule ule. Ngoja Novemba uone, yatakuja mekundu mpaka yanakaribia weusi. Jua kali linakula rangi. Ukitaka rangi, subiri baridi."

Hapo ndipo msichana alipomtazama usoni. "Nani kakufundisha hilo?"

"Hakuna. Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na sita. Nimebeba maua miaka minane, basi."

"Mimi nimekaa chuo miaka minne kujifunza hilo hilo." Akatoa simu yake. "Nipe namba yako."

"Ya nini?"

"Mguu ukivimba nikupigie."

Jioni simu ikalia. Teppei alikuwa anakula tambi amesimama, maana ndiyo tabia yake, hawezi kukaa.

"Ni Fumino. Fumino Obinata, wa mguu."

"Umevimba?"

"Haujavimba."

"Sasa unapiga ya nini?"

"Kukwambia haujavimba."

Wote wawili wakaangua kicheko, na zile tambi zikapoa bila mwenyewe kukumbuka.

*

Fumino alikuwa mtu wa Ryogoku, mtaa wa wanamieleka. Amezaliwa pale, amekulia pale, alfajiri yake tangu utotoni ni mshindo wa miili mikubwa ikigongana mazoezini nyumba ya pili. Kazi yake ilikuwa kwenye kampuni ndogo ya mbegu za maua, na jioni alimsaidia mama yake kwenye mgahawa wao wa chungu cha wanamieleka, ile supu nzito ya kuku, kabichi na vitu vyote ambavyo mtu mwenye kilo mia moja na hamsini anaweza kuvihitaji.

Mara ya kwanza Teppei kufika pale, mama mtu alimpima kwa macho kuanzia viatu hadi kichwa.

"Mwembamba," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kaa. Kula."

Hakukuwa na mjadala. Alikula mabakuli matatu. Alipoanza kuyumba, Fumino alimshika mkono akampandisha ngazi ya chuma mpaka juu ya paa.

Kule juu kulikuwa na vyungu vinane vya udongo, vimepangwa mstari kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Kila chungu na mche mmoja wa majani membamba ya kijani.

"Samaki-dhahabu," Teppei alisema papo hapo. Alishabeba maelfu yake. Wanayaita hivyo kwa sababu ua lake lina mashavu, ukilibinya linafungua mdomo kama samaki kwenye bakuli. "Mbona ya kawaida tu?"

"Bado hayajachanua, wewe. Haya ni ya baba."

Akamsimulia. Baba yake alipigana mieleka miaka kumi na sita na hakufika daraja la juu hata siku moja. Jina lake la ulingoni lilikuwa Benishigure, maana yake manyunyu mekundu, kama yale manyunyu ya mwanzo wa baridi yangekuwa na rangi. Siku walipomkata kishungi cha nywele kumstaafisha, alirudi nyumbani, akafunga aproni, akaanza kupika. Na juu ya paa akaanza kupanda. Miaka ishirini alichagua mbegu kwa mikono ile minene, mwaka hadi mwaka, mpaka akapata ua lake mwenyewe: rangi ya maziwa mazito, na juu yake vidoa na michirizi myekundu, kana kwamba mtu amelirushia matone kwa brashi.

"Kila ua na madoa yake," Fumino alisema. "Hakuna mawili yanayofanana. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Akaacha mbegu thelathini kwenye kopo la chai. Nilizipanda zote mwaka huu, maana mbegu nazo zinazeeka. Zimeota nane."

"Nane tu?"

"Nane tu duniani. Mwisho wa Februari kuna maonyesho ya maua mapya pale sokoni kwenu. Nikiyaonyesha na madoa yake, yanaandikishwa kwa jina la baba. Yakikataliwa, au yakifa, Benishigure anabaki jina kwenye taulo." Akaligusa taulo shingoni.

Teppei hakuwa mtu wa maneno mazuri. Alimtazama tu huyu binti, penseli kichwani, udongo kwenye kucha, anazungumzia ua kama mtu anavyomzungumzia ndugu aliye hospitali, akaona moyo wake umeshaondoka bila kumuaga.

"Hayo madoa yanatoka wapi?" aliuliza, ili aseme kitu.

Macho ya Fumino yakawaka. "Sikiliza. Ndani ya mmea kuna vinasaba, sawa? Kimoja kati yao ndicho kinachotengeneza wekundu. Sasa kuna kipande kingine, mzururaji, hakina kwao. Kimekuja kikajibanza katikati ya kile cha wekundu. Kazi imesimama. Ua linatoka jeupe jeupe."

"Mharibifu."

"Ngoja! Huyu mzururaji hatulii. Tumba linapokua, kwenye chembe moja hapa, nyingine pale, anaruka, anatoka. Akitoka tu, wekundu unarudi. Ile chembe inazaa wenzake, wote wekundu, na hilo ndilo doa. Akitoka mapema unapata mchirizi mpana. Akichelewa unapata nukta. Kila doa unaloliona ni mahali ambapo mzururaji aliamka akaondoka."

"Kwa hiyo uzuri wote ule umeletwa na mtu asiyetulia."

"Ndiyo. Kama wewe," alisema, akacheka. "Sasa jambo lenyewe kubwa ni hili. Huyu mzururaji haruki ovyo. Anaruka pale tu ambapo..."

Simu ya Teppei ikalia. Bosi wake: duka la Ueno limeletewa waridi za duka la Asakusa, na Asakusa wana harusi. Teppei alishuka ngazi mbili mbili. Katikati akasimama, akapanda tena, akambusu Fumino kwenye paji la uso, akashuka tena mbio.

Ile sentensi ikabaki juu ya paa, nusu. Hakuna aliyeikumbuka.

*

Oktoba na Novemba ziliwapitia kama wimbo. Teppei alimzungusha kwa kirikuu cha kazini, maua nyuma, wao mbele, wanakula viazi vitamu vya kuchoma wakipulizia vidole. Alimwona akibishana na wakulima wazee na kuwashinda kwa upole. Alimwona amevaa kimono cha bibi yake siku ya sherehe mtaani, rangi ya zambarau iliyokolea, akatembea nyuma yake hatua tatu makusudi.

"Unafanya nini huko nyuma, Teppei-kun?"

"Natazama. Usinisumbue."

Desemba ikaja na mambo mawili kwa mpigo. Mwenye jengo akasema paa linapigwa dawa ya kuzuia maji, kila kitu kishuke. Na kampuni ikampeleka Fumino milimani Nagano, kwenye shamba lao la mbegu, mpaka tarehe ishirini Januari.

Akavileta vile vyungu vinane kwa Teppei mwenyewe, kwenye chumba chake kimoja Kamata, kimoja kimoja, kama anayebeba watoto.

"Nakuachia wewe," alisema mlangoni. "Si mama, si ofisi. Wewe."

"Nielekeze."

"Maji kidogo asubuhi. Jua la dirishani. Halafu idekeze."

"Niidekeze."

"Sana. Idekeze kama baba alivyokuwa akiwadekeza vijana wapya ulingoni."

Teppei aliwaza lile zee lenye moyo laini likiwapapasa vijana vichwa. Alipenda sana picha ile. "Hilo niachie mimi," akajibu.

Na kweli aliidekeza. Chumba chake hakikuwa na joto la maana, akatafuta hita ya mafuta ya taa. Usiku wa baridi aliisogeza karibu na vyungu kuliko karibu na yeye. Akafunika dirisha kwa plastiki ya mapovu upepo usipite. Mche mmoja ulipoinama kidogo, aliufunga kwenye kijiti kwa kamba ya kiatu chake. Chumba kikawa joto kama bafu la umma. Yeye mwenyewe alilala na fulana katikati ya Januari.

"Wanaendeleaje wanangu?" Fumino aliuliza kwa simu, mawimbi ya milimani yakikatakata.

"Nimewadekeza mpaka jirani ananicheka."

"Kweli? Hujawaonea huruma?"

"Huruma ya nini? Mchana na usiku nawadekeza."

"Baba angekupenda wewe!"

Teppei alikata simu akatabasamu peke yake kama mjinga.

Sokoni alikuwepo mtu mmoja, Nezu, dalali wa maua adimu, koti refu la kijivu, viatu vinang'aa hata kwenye matope. Siku moja alimnunulia Teppei kahawa ya kopo kwenye mashine, akamwambia polepole, "Nasikia unalea kitu cha Obinata. Niuzie kikonyo kimoja tu, bwana. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," Teppei alijibu. "Na kahawa yako ina sukari nyingi." Akaondoka nayo lakini, maana ilikuwa imeshafunguliwa.

*

Tarehe ishirini Januari Fumino alishuka kwenye treni akapitia sokoni kumtafuta Teppei. Hakumkuta. Alimkuta Nezu.

"Ah, Obinata-san! Yule kijana wako ni mtu safi. Tulikunywa kahawa juzi. Tunaelewana."

Fumino hakulitilia maanani. Mpaka alipofungua mlango wa Kamata.

Joto lilimpiga usoni. Teppei alisimama katikati ya chumba, jasho linamtoka, amenyoosha mikono miwili kama mtu anayefungua pazia. "Tazama!"

Maua yalikuwa yamechanua. Vyungu vyote vinane, mikonyo imenyooka, maua ya chini yamefunguka manono, mashavu yamejaa afya. Rangi ya maziwa mazito.

Maziwa matupu. Hapakuwa na doa hata moja.

Fumino alipiga magoti bila kuvua koti. Akageuza ua moja, la pili, la tatu. Akaenda chungu cha mwisho. Penseli ikaanguka kichwani, nywele zikamwagika, hakuiokota.

"Haya siyo," alisema.

"Siyo nini?"

"Siyo ya baba. Haya ni ya dukani. Ya baba yapo wapi?"

"Ndiyo haya! Yatoke wapi mengine?"

"Teppei-kun, niambie tu. Nezu kachukua ngapi?"

Teppei akashusha mikono. "Sema neno lenyewe."

"Sijasema neno."

"Uso wako umelisema. Mwizi. Kijana aliyeacha shule, anabeba ndoo, ameona kitu cha thamani akakiuza. Si ndivyo?"

"Basi nieleze! Madoa yako wapi?"

"Mimi nitajuaje? Nimeyalea kama ulivyosema. Nimeyadekeza!"

"Ungeyadekeza yasingekuwa hivi!"

"Nimeyadekeza kuliko ninavyojidekeza mimi!"

"Muongo!"

Lile neno likabaki limening'inia. Fumino aliokota mkoba. Hakuchukua hata chungu kimoja. Mlangoni akageuka, macho yamejaa, na akasema kwa sauti ndogo kuliko zote, "Nilikuwa nimekuamini kuliko mama."

Mlango ukafungwa taratibu. Ungebamizwa ingekuwa nafuu.

Teppei alizima hita. Akang'oa plastiki dirishani. Akabeba vyungu vyote vinane, akavitoa nje kwenye kibaraza, kwenye upepo wa Januari. "Kama si vyake, basi si vyangu."

Asubuhi akavimwagilia maji. Alijitukana mwenyewe huku anamwagilia, lakini alimwagilia. Na kesho yake. Na keshokutwa. Alipiga simu mara sita, haikupokelewa. Akaandika ujumbe, akaufuta, akaandika, akaufuta. Mwanzo wa Februari theluji nyepesi ikaanguka, ikakaa juu ya yale majani kama unga. Alitoka na kitambaa akaipangusa. Usimuulize kwa nini.

*

Katikati ya Februari, Jumapili, siku asiyokuwa na kazi, Teppei alitoka kibarazani kuanika nguo. Soksi moja ikaangukia kwenye chungu. Akainama kuitoa.

Akabaki ameinama.

Kwenye ncha ya mkonyo, ua jipya lilikuwa limefunguka asubuhi ile. Rangi ya maziwa. Na juu ya shavu lake, matone mekundu. Moja kubwa kama punje ya mchele, mengine madogo madogo, yametawanyika kana kwamba mtu amepiga chafya na wino. Akatazama chungu cha pili: mchirizi mwekundu kutoka kooni hadi mdomoni. Cha tatu. Cha nne. Vyote vinane.

Maua ya chini, yale ya enzi za hita, yalikuwa bado yapo, yamelegea kidogo, hayana doa. La katikati lilikuwa na nukta moja. Lililofuata tatu. Juu kabisa, manyunyu.

Ule mche ulikuwa umeandika kila kitu. Ua kwa ua, kutoka chini kwenda juu, siku kwa siku.

Teppei aliketi chini kwenye saruji baridi, mtu asiyekaa, soksi mkononi. Akakumbuka krisanthemamu za rangi ya tofali. Joto linakula rangi. Ukitaka rangi, subiri baridi. Ameyasema kwa mdomo wake mwenyewe, siku ya kwanza, mbele ya Fumino! Yule mzururaji, kumbe, akipata joto anajikunja analala, kama mtu aliyeingiza miguu chini ya meza ile yenye blanketi na joto ndani na hataki kutoka. Baridi ndiyo inayomwamsha. Miaka ishirini lile zee lilikuwa linapanda juu ya paa, upepo wa mto Sumida unapiga, na Teppei katika upendo wake wote amemnunulia mzururaji hita.

Alivaa viatu, kimoja hakina kamba. Akaweka chungu kimoja kwenye kiti cha mbele cha kirikuu, akakifunga mkanda. Akaendesha mpaka Ryogoku madirisha yote yako wazi.

*

Mgahawa ulikuwa haujafunguliwa. Mama alikuwa anakata kabichi. Fumino anapanga mabakuli, macho yamevimba ya mtu asiyelala vizuri wiki nyingi.

Teppei hakusalimu. Aliweka chungu mezani.

"Soma," alisema.

Fumino alifungua mdomo amfukuze. Halafu akaona. Bakuli likamponyoka likazunguka sakafuni, likazunguka, likatulia.

"Hapa chini," Teppei alisema akionyesha kwa kidole, "hita ipo. Hapa, hita ipo. Hili lenye nukta moja, hapa umeshaniita muongo, nimeshayatoa nje. Hapa theluji. Na hili la juu ni la leo asubuhi. Mkonyo ni mmoja, Fumino-san. Nezu hawezi kuuza nusu ya mkonyo."

Fumino aligusa ua la chini, akapanda polepole kwa ncha ya kidole, kama anasoma barua. Alipofika kwenye nukta moja, akasimama, machozi yakaanza. "Ulikuwa na hita? Kwa nini uliwasha hita?"

"Si ulisema niidekeze!"

"Ndiyo! Idekeze! Iache kwenye baridi, ikome, ikaze!"

"Nani duniani anamdekeza mtu kwa kumwacha kwenye baridi?"

Kisu cha mama kikasimama. Akatazama binti yake. Akamtazama Teppei. Akaweka kisu chini, akashika meza, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavuta kigoda akaketi.

"Mwanangu," akamwambia Teppei, akifuta macho kwa aproni. "Kwenye nyumba za mieleka, 'kumdekeza' kijana ni kumbwaga chini. Mara hamsini, mara mia, mpaka hawezi kuinuka, halafu umwinue umbwage tena. Ndivyo wanavyosema. 'Leo nimekudekeza.' Huyu binti yangu amekua anasikia hivyo kabla hajajua kuandika."

Teppei alimgeukia Fumino. "Kwa hiyo baba yako akiwadekeza vijana..."

"Mmoja alivunjika jino," Fumino alisema kwa sauti ya chini.

"Na mimi kwenye simu nasema nawadekeza mchana na usiku!"

"Nikawa najisifu kwa wenzangu, jamani, nimepata mwanaume mkali!"

Wakatazamana. Ilikuwa kama ile jioni ya tambi. Kicheko kikaja kwanza kwa Fumino, kikamwambukiza Teppei, kikachanganyika na kilio mpaka usingejua kipi ni kipi. Halafu Fumino akainama, akainamisha kichwa chini kabisa, kama mtu anayeomba radhi ulingoni.

"Nilikuita muongo. Nimekosa."

"Na mimi nilikaribia kumpika baba yako. Tumelingana."

Mama akarudi kwenye kabichi yake, amewapa mgongo, mabega bado yanamcheza.

Fumino akafuta uso, akatoa karatasi kwenye droo. Fomu ya maonyesho. Alikuwa ameijaza Desemba na hakuwa na moyo wa kuichana. Jina la ua: Benishigure. Jina la aliyelizalisha: la baba. Chini yake, aliyelilea: pako wazi.

"Nataka tuandike wawili," alisema. "Lakini wanaruhusu jina moja tu. Ama watu wa kaya moja."

Teppei alitazama ile nafasi tupu. Mtu mwingine angetafuta maneno. Yeye hakuwa nayo, hakuyatafuta.

"Basi tuwe kaya moja."

"Unasema nini wewe?"

"Nioe mimi. Au nikuoe mimi, vyovyote. Na jina nichukue lenu, mama asibaki na jina la Obinata peke yake. La Kuroiwa wanalo kaka zangu watatu, linatosha."

Kisu cha mama kikasimama tena. Hakugeuka.

Fumino alikuwa mwekundu kuanzia masikioni. "Hivyo ndivyo mtu anavyoposa? Na kiatu kimoja hakina kamba?"

"Kamba iko kwenye chungu namba tano. Nilimfungia mwanao asianguke."

Fumino alimtazama mtu huyu, mwembamba, hasimami mahali pamoja, aliyewahi kulala na fulana ili maua yapate joto. Akachomoa penseli kwenye nywele zake. Akaandika majina mawili, jina moja la ukoo.

*

Siku ya maonyesho palikuwa na baridi kali. Vyungu saba vilisimama vimejaa manyunyu mekundu kuanzia juu hadi chini, maana maua ya hita yalikuwa yamekwisha kuchumwa. Cha nane, Fumino alikataa kuchuma. Akakiweka katikati kama kilivyo: chini maziwa, juu mvua.

Waamuzi walikuwa wazee watatu, miwani puani. Walisimama pale muda mrefu kuliko mahali pote. "Kila ua lina madoa yake," mmoja alilalamika. "Mnunuzi atajuaje anachopata?"

"Hatajua," Fumino alijibu. "Ndiyo raha yake."

Mzee mmoja akazidi kuinama kwenye chungu cha nane, akausoma mkonyo kutoka chini kwenda juu, taratibu, mpaka akafika kileleni. Akagonga muhuri. Benishigure likaingia kitabuni.

Nje, kwenye kirikuu, vioo vilikuwa na ukungu. Fumino alijikunyata, akasugua mikono. Teppei akanyoosha mkono kuwasha hita ya gari, halafu akakumbuka vyungu nyuma, akaurudisha.

"Nasikia baridi," Fumino alisema. "Nidekeze basi."

"Kwa maana ya kwenu au ya kwetu?"

Fumino akaisogeza mikono yake baridi mpaka ndani ya koti la Teppei.

"Leo ya kwenu," alisema. "Kesho tutaona."